Shingo ya Ndege Jiwi

Niliwasingizia panya. Naanza na hilo ili msije mkanihurumia kabla ya wakati. Wifi yangu Yinhua aliponiuliza, miaka minne iliyopita, "Ile karatasi yangu umeishona?" nilimjibu kwamba panya wameingia kabatini wakaila, kwa sababu ya gundi ya wali. Panya wa kijijini kwetu Shidong, kusini mwa China, kweli hula karatasi za kutarizia, kila mwanamke hapa ana kisa chake, kwa hiyo uongo wangu ulikubalika bila taabu. Yinhua akasema, "Basi wamekula chakula kichungu." Kesho yake akaniletea paka.

Paka huyo ninaye mpaka leo. Ni mnene, mvivu, hajawahi kukamata hata mende, na kila nikimwekea chakula roho inanisuta.

Kwetu tarizi moja huwa na watu wawili. Mmoja hukata karatasi, mwingine hushona. Mkataji hachori kitu. Anashika mkasi mdogo wenye ncha kali, anaitazama karatasi nyembamba nyeupe, na mnyama anatoka humo na mkia wake na kucha zake. Mshonaji anaibandika karatasi juu ya kitambaa, anapasua uzi mmoja wa hariri kuwa nyuzi nane, anazing'arisha kwa utomvu wa maganda ya mti wa sabuni, kisha anaifunika karatasi yote mchomo kwa mchomo mpaka isionekane tena. Inabaki humo ndani maisha yake yote. Watu wakija wanausifu uzi. Sijamsikia mtu akiuliza chini ya uzi kuna nini.

Yinhua hukata, mimi hushona. Ni dada wa mume wangu, amenizidi miaka mitatu, na tangu niolewe hajaacha kunichokoza.

"Wifi, joka langu mbona umelivisha viatu?" husema akiona nimeshona miguu minene.

"Ungelikatia miguu ya maana nisingelivisha."

"Kaka yangu alioa mdomo. Mikono alipewa nyongeza."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nilimpenda, na bado nikamwibia.

Hadithi ya Mama Kipepeo kila mtoto wa kabila letu la Kimiao anaijua kabla hajang'oka meno ya utotoni. Mama Kipepeo alitoka ndani ya mti mkubwa wa majani mekundu, akataga mayai kumi na mawili. Kutaga aliweza, kuatamia hakujua, ndipo ndege Jiwi akaja kumlalia mayai yake. Alikaa miaka. Likatoka joka, ikatoka radi, akatoka chui, akatoka nyoka, mpaka likabaki yai moja lililokaa kimya. Jiwi alikuwa amechoka, manyoya ya tumbo yamemnyonyoka, akasimama aende zake. Ndipo sauti ikatoka ndani ya yai: ningoje kidogo tu. Jiwi akaketi tena, na humo akatoka Jiang Yang, babu yetu sisi watu wote. Ndiyo maana kwenye mikono ya makoti yetu Jiwi siku zote ameketi. Sijawahi kuona koti lenye Jiwi amesimama.

Yinhua alinikatia Jiwi anayeondoka.

Alikuja nayo siku moja ya baridi, karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Akaitandaza mezani kwangu. Jiwi amekunjua mabawa, shingo ameinyoosha mbele, hatazami nyuma. Chini yake yai lina ufa, na ndani ya ufa mdomo mdogo umefunguka.

"Nishonee mbeleko," akasema. "Si ya kuuza, si ya kuonyesha watu. Nitaiweka sandukuni. Siku nikifa mnifunge nayo mgongoni, niende nikamtafute."

Hakutaja jina, na mimi sikuuliza ni nani.

"Huyu Jiwi anaondoka," nikasema.

"Nina macho, wifi."

"Watu watasema umeikosea hadithi."

"Watu wataionea wapi? Wewe fuata karatasi."

Yule wa kutafutwa ni Lanlan, mtoto wake wa pekee. Miaka kumi na minane iliyopita Yinhua na mumewe walikwenda Guangdong kufanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, wakamwacha Lanlan kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu, katika nyumba niliyokuwa nikiishi na mimi. Alikuwa na miaka minne. Mwezi wa mwisho wa mwaka akapata homa. Yinhua akanipigia simu. Mkoba ameshafunga, akasema, kuna basi la jioni. Nami nikamwambia, "Ni homa tu. Kameza dawa, kanywa uji. Sikukuu iko karibu, utakuja na nguo zake mpya. Usijihangaishe." Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Siku ya nne Lanlan alifariki, asubuhi, mikononi mwangu.

Yinhua alirudi, akazika, mumewe akabaki huko huko na maisha mengine, na yeye akaushika mkasi. Ile simu hatujawahi kuizungumza hata mara moja. Hakunilaumu. Ningepata nafuu kama angenilaumu.

Basi nikashona. Nilishona majira yote ya baridi, na kwa kweli sijawahi kushona kitu kizuri vile. Shingo ya Jiwi alikuwa ameikata nyembamba kupita kiasi, na siku nilipoipaka gundi, mwisho wa kazi yote, ikakatika. Kichwa kikabaki kwenye ncha ya kidole changu.

Kilikatika chenyewe, hilo naweza kuapa. Lakini hakikujibandika chenyewe. Ningeweza kukirudisha kama kilivyokuwa, ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Badala yake nilikigeuza. Nikakibandika kikitazama nyuma, kwenye yai, na ndege anayeondoka akawa ndege anayerudi. Nilikitazama, nikalia, nikakifunika kwa uzi mwekundu upesi kabla sijabadili nia.

Wiki ile ile Shen Rui alikuja. Ni binti wa mjini, anafanya kazi kwenye jumba moja la sanaa huko Guiyang, na alikuwa akizunguka vijijini kutafuta wanawake wanaoisimulia upya hadithi ya kale kwa sindano ya kale. Wengine waliokuja kabla yake walitaka makoti ya bibi zetu. Yeye alitaka kitu kipya. Alikuwa akinisumbua mwaka mzima: "Bi Guizhi, nionyeshe Mama Kipepeo wako wewe." Akaingia, akaiona mbeleko mezani, akasimama pale pale mlangoni na viatu vya matope.

"Anarudi," akasema, na machozi yakamtoka. "Anamrudia mtoto. Hii umeiwaza vipi?"

Nilikuwa na nafasi. Jina la Yinhua lilikuwa mdomoni mwangu kabisa, na nyumba yake ni hatua hamsini kutoka kwangu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulia mbele ya kitu changu.

"Imenijia tu," nikasema.

Mbeleko ikaenda. Ikapata tuzo, jumba likaichukua, picha yangu ikatoka kwenye gazeti nimevaa taji la fedha. Yinhua aliiona picha ile, ambayo haikuonyesha mbeleko ila pua yangu na taji, akaibandika ukutani kwake. "Wifi yangu msanii," alikuwa akiwaambia watu sokoni. Na mimi nikawasingizia panya.

Mwaka huu Shen Rui alipiga simu. Kuna maonyesho makubwa, wanawake wanane kutoka kila upande wa nchi, na kazi yangu imewekwa katikati. Kisha akasema ofisi ya kijiji imempa jina la mkataji hodari, Tai Yinhua, je, ningeweza kuja naye awaonyeshe wageni namna karatasi inavyokatwa?

Nilijaribu kila hila. Nilimwambia Yinhua safari ni ndefu. Akasema gari moshi la kasi halimalizi hata saa moja. Nikamwambia chakula cha mjini hakina uchachu kama cha kwetu. Akasema atabeba chake. Nikamwambia huko watu wanatazama kazi za sanaa tu, atachoka.

"Wifi, unanionea aibu?" akaniuliza, na hakuwa akitania.

Nikakata tiketi mbili, tukaondoka.

Ndani ya gari moshi alikaa dirishani na boksi la mapambo yake ya fedha mapajani. Hakuwa amesafiri mbali tangu arudi kutoka Guangdong. Alitoa mayai ya kuchemsha na wali wa kunata, akanimenyea yai la kwanza.

"Kula. Umekonda kama mtu mwenye deni."

Tulikuwa tukiingia handaki moja la mlimani na kutoka jingine, na kila tukitokea mwangani nilijiambia sasa. Handaki la tano au la sita nikasema, "Wifi, ile karatasi yako ya mbeleko."

"Ya panya?"

"Panya hawakuila."

Akaendelea kumenya.

"Niliishona. Ndiyo iliyopata tuzo. Iko huko tunakokwenda."

Mikono yake ilisimama. Tukapita handaki zima, taa za behewa zikimmulika usoni, nami nikajilazimisha kumtazama kwa sababu niliona hilo ndilo dogo ninaloweza kufanya.

"Miaka minne," akasema mwishowe.

"Niliona aibu."

"Na paka?"

"Paka vipi?"

"Unajua nilimtoa wapi? Nilivuka mto kumfuata. Nilirudi naye ndani ya koti, akanikwaruza kifua chote, nikawa nasema, heri wifi yangu asipoteze karatasi nyingine." Akaliweka yai juu ya kitambaa. "Wewe ukampokea, ukasema ahsante."

Nilitaka kumwambia na habari ya kichwa, lakini nilikuwa nimeutumia ushujaa wangu wote, nao haukuwa mwingi. Nilijidanganya kwamba labda hataona.

Kwenye jumba la sanaa tulivaa rasmi chumba cha nyuma, sketi, koti, fedha za kifuani na taji. Nilimfunga taji, akakubali nimfunge, ila hakunitazama. Mlangoni mlinzi akauchukua mkasi wake, akampa kibati chenye namba, akamwambia atarudishiwa wakati wake ukifika. Yinhua alikishika kibati kama mtu aliyepokonywa mkono wake.

Ukumbi ulikuwa mweupe, mkubwa. Mwanamke mmoja wa kaskazini alikuwa amemfuma kwa sufu ghafi yule mke wa hadithi za kale aliyekimbilia mwezini. Mwingine alikuwa amemsuka kwa nyavu yule binti aliyekufa maji akageuka ndege, akawa anatupa vijiti baharini aijaze. Wakati mwingine ningesimama mbele ya kila kimoja. Siku hiyo nilimfuata Yinhua, naye alikwenda moja kwa moja katikati, kwenye kioo, chini ya taa.

Alisimama karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaanza kutazama kuanzia yai, kisha mkia, kisha bawa moja, kisha la pili. Nikaona kidole chake kikiifuata shingo hewani, kikafika juu, kikasimama. Fedha za kifuani mwake zikaanza kulia kidogo kidogo. Hakuwa anatembea, kwa hiyo nikajua anatetemeka.

"Kichwa hiki sikukiweka mimi hivi," akasema.

"Shingo ilikatika."

"Shingo hukatika. Tangu nikiwa msichana nakata, najua zinavyokatika. Nauliza nani alikigeuza."

"Mimi."

Hapo Shen Rui akafika na wageni nyuma yake, watu kama ishirini, wengine wameinua simu. "Bi Guizhi, tafadhali, waeleze wageni wazo hili lilikujiaje."

Nikageuka. Nikasema, "Halikunijia. Ndege huyu, yai hili, vyote vilikatwa na huyu hapa, wifi yangu Tai Yinhua. Vipo chini ya uzi. Alinipa karatasi nimshonee mbeleko awe nayo yeye, mimi nikaileta kwenu kwa jina langu, kisha nikamwambia karatasi imeliwa na panya."

Shen Rui alibadilika rangi, halafu, kwa kuwa ni binti mwenye utu, akamwinamia Yinhua na kumwomba radhi mbele ya wote. Akasema kibao kitabadilishwa leo hii, majina mawili, na la Yinhua litatangulia. Nami nitasema ukweli: nilijisikia mwepesi. Miaka minne ilinitoka kifuani kwa pumzi moja. Nilidhani ndiyo imekwisha.

"Jina langu msiliandike," Yinhua akasema.

"Lakini mama, ni haki yako," Shen Rui akasema.

"Mimi sikumkata ndege huyu. Wangu alikwenda zake. Huyu anayerudi ni wa wifi yangu, mwacheni na jina lake."

Akainama kidogo kwa wageni, kama ilivyo adabu, akatembea kuelekea mlangoni, fedha zikilia ukumbi mzima.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi. Alikuwa amesharudishiwa mkasi wake. Amevua taji, ameliweka kando kama kikapu cha mboga, na watu wanaopita wanamtazama. Mapajani alikuwa na kitabu cha maonyesho tulichogawiwa, ameshatoa ile karatasi nyembamba nyeupe iliyokifunika, anainyoosha kwa kiganja. Nikakaa ngazi moja chini yake.

"Ulimgeuza kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?" akaniuliza.

Ningeweza kusema kwa ajili yako. Ni jibu zuri, na robo yake ni kweli.

"Yangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekwambia usije. Ulikuwa umeshafunga mkoba. Kila siku ninaposhona naisikia sauti yangu ikikwambia usijihangaishe."

Maneno hayo yalichukua miaka kumi na minane kutoka. Nilingoja anipige, au anikumbatie, moja kati ya hayo mawili. Yeye alikuwa amekwisha kuingiza ncha ya mkasi kwenye karatasi. Alianza na mkia, kama kawaida yake.

"Uliniambia, kweli," akasema. "Unajua nilifanya nini?"

"Nini?"

"Nilifurahi." Mkasi haukusimama. "Nilikuwa nimechoka, wifi. Lile basi lilikuwa safari ya siku mbili. Bweni letu usiku ule walikuwa wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya msichana mmoja, kulikuwa na keki. Wewe ulikuwa hujamaliza kusema, mimi mkono uko kwenye zipu ya mkoba naufungua. Nilikula keki. Sijamwambia mtu. Nilikata karatasi nikamwambia yule ndege, na karatasi nikakupa wewe, kwa kuwa kati ya watu wote niliona wewe utaifunika vizuri."

Nilitaka kumshika mguu. Sikuthubutu. Nikalia tu, na yeye akaendelea kukata, vipande vidogo vyeupe vikimwangukia sketini. Bawa likatoka, likatoka la pili, likatoka yai na ufa wake na mdomo. Shingo aliiacha mwisho. Aliikata polepole, akageuza karatasi badala ya mkasi, na kichwa kikatoka kikitazama mbele, mbali na yai.

Akanipa. Niliipokea kwa viganja viwili.

"Umeikata nyembamba tena," nikasema. "Hii itakatika."

"Itakatika," akasema, akapukuta sketi, akajivika taji mwenyewe bila kuningoja. "Safari hii kichwa kibandike kitazame kinakotazama."

Aliinuka akaingia ndani, kwa sababu wageni walikuwa wakimsubiri awaonyeshe namna karatasi inavyokatwa. Mimi nilibaki na ndege wake viganjani, upepo unavuma, nikashindwa hata kujifuta pua.